Rubani, yalinde masikio yako

Mkaaji wa Ukunda au Diani amezoea ngurumo ya ndege ndogo zinazotua hapo kutoka Wilson, Nairobi. Kwake ni kelele ya dakika moja. Kwa rubani ni ya saa nyingi, nayo huharibu usikivu polepole, bila maumivu.

Ndani ya ndege ndogo ya rafadha, kelele yaweza kufika desibeli 90 au zaidi. Wataalamu hushauri sikio lisipate zaidi ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1 tu. Ukizidisha mara kwa mara, chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio hufa, na hazioti tena.

Je, uvae hedifoni gani? Ziko aina mbili.

Ya kwanza hufunika sikio tu, kama zile za David Clark zinazojulikana sana. Ni imara, haihitaji betri, na bei yake ni nafuu. Huzuia vizuri sauti nyembamba, lakini ngurumo nzito ya injini hupenya.

Ya pili ina maikrofoni ndogo inayoisikiliza ngurumo hiyo, kisha hutoa sauti iliyo kinyume chake. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Kampuni ya Bose ilianza kuwauzia marubani mwaka wa 1989. Hupunguza uchovu, na redio husikika bila kupandishwa sauti. Lakini Bose A30 hupita dola 1,000, na betri zikiisha kinga hupungua.

Ukiruka kila siku, aina ya pili yastahili gharama. Ukiruka mara mojamoja, ya kwanza yatosha, hasa ukiweka vizibo vya sponji masikioni. Aina yoyote haikufai ikiwa miguu minene ya miwani imeacha mwanya, au jasho la Pwani limechakaza mito yake. Ibadilishe.

Ukisikia mvumo masikioni baada ya safari, au ukiwaomba watu warudie maneno, nenda ukapimwe usikivu mapema. Usingoje kipimo cha leseni: kabla ya miaka 40 huenda kikachukua miaka 5 kufika.