Sindano ya joto yaweza kumpotezea mfugaji ndama

KWA wafugaji wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, faida ya ng'ombe haiishii kwenye maziwa na ndama. Samadi yake hurutubisha migomba na mibuni. Kwa hiyo ng'ombe anayepandishwa kila mara bila kuzaa ni hasara kubwa kwa kaya.

Mara nyingine ng'ombe huyo alishika mimba, ila ikatoka kabla mwenyewe hajajua. Mimba nyingi za ng'ombe zinazopotea hupotea ndani ya mwezi wa kwanza, wakati kondo la nyuma halijajengeka.

Katika siku hizo kiinitete na mfuko wa uzazi hupeana taarifa kwa kemikali. Baadhi yake hutengenezwa kutokana na mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli. Zinazojulikana zaidi ni prostaglandini, jina lililotolewa mwaka 1935 na mtaalamu wa Uswidi, Ulf von Euler.

Ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21 hivi. Asiposhika mimba, kuanzia siku ya 16 hivi mfuko wa uzazi hutoa prostaglandini F2 alfa. Hii huua tezi ya njano iliyo kwenye ovari, ambayo hutoa projesteroni, homoni inayotunza mimba. Joto hurudi.

Kiinitete kikiwepo, hurefuka kama uzi na kutoa protini iitwayo intaferoni tau, inayozuia shambulio hilo. Prostaglandini nyingine, E2, husaidia tezi idumu. Kuanzia siku ya 19 hivi kiinitete huanza kujishikiza kwenye vinundu vya mfuko wa uzazi, na hapo ndipo kondo hujengwa.

Sindano inayotumika kuwaleta ng'ombe kwenye joto kabla ya uhimilishaji ina prostaglandini F2 alfa, au dawa inayofanana nayo. Kwa ng'ombe asiye na mimba, mwenye tezi iliyokomaa, joto huonekana baada ya siku mbili hadi tano. Kwa mwenye mimba changa, dawa hiyo hiyo huua tezi na mimba hutoka.

Kwa sababu hiyo ng'ombe apimwe mimba kwanza. Mtaalamu mzoefu huitambua kwa mkono kuanzia siku ya 35 hadi 40 hivi, na kwa kipimo cha ultrasaundi kuanzia siku ya 28 hivi. Mfugaji naye aandike tarehe ya kila kupandisha, hata kama dume alipanda machungani. Asiyekumbuka tarehe hiyo amweleze mtaalamu mapema.

Dawa hiyo hupenya kwenye ngozi ya binadamu pia. Wajawazito na wenye pumu wasiiguse, na anayeichoma avae glavu.

Bei ya sindano moja ni ndogo ikilinganishwa na ndama aliyesubiriwa miezi tisa.