DVD ya harusi ya wazazi inakwama? Usiitupe, chukua dawa ya meno

Unaijua hiyo hali. Umefungua kabati la sebuleni, ukakuta DVD ya harusi ya wazazi. Unaitia kwenye deki, picha inaenda poa mpaka mama anapoingia kanisani, halafu inakwama. Nakala ni hiyo moja tu, na mpiga video alishafunga duka kitambo.

Iangalie kwanza. Mikwaruzo ya upande wa chini, ule unaong'aa, iko kwenye plastiki tu. Data iko ndani zaidi, ila mwanga wa leza ukipita kwenye mkwaruzo hutawanyika na deki inachanganyikiwa. Kwenye CD, data imelala chini tu ya lebo, kwa hivyo ikichubuka upande wa juu, pole, hapo hakuna dawa.

Sasa kazi. Ioshe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, uikaushe kwa kitambaa laini cha pamba. Tishu hapana, inakwaruza. Paka dawa ya meno nyeupe ya kawaida, kisha sugua taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni, kama spoku za baiskeli. Usizungushe! Mimi ya kwanza niliisugua kama sufuria, na ikakufa kabisa. Data imepangwa kwa mzunguko, kwa hivyo mkwaruzo unaofuata mzunguko huo hufuta mfululizo mrefu. Unaokatiza hugusa kidogo tu kila mahali, na deki ina hesabu zake za kujaza pengo dogo. Dakika chache zinatosha. Suuza vizuri, kausha, jaribu tena. Unachofanya ni kulainisha kingo za mkwaruzo, kwa hivyo ule wa kina sana hautatoka.

Na wewe wa gemu, weka hiyo dawa chini. Diski za PS4 na PS5 ni Blu-ray, na data yake iko milimita 0.1 tu kutoka juu, chini ya utando mgumu. Kwenye DVD ni milimita 0.6. Ukisugua Blu-ray utaongeza hasara.

DVD ikikubali kucheza, usianze kuitazama. Inakili kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, kisha kwenye flashi. Ikikataa kwenye deki yako, jaribu kompyuta ya rafiki, maana mashine nyingine husoma kilichoshinda ya kwanza.