Chuchu ya tatu: si uchawi wala mkosi

Leo naleta mada ambayo wengi tunaionea soni: chuchu. Kama uko cafe na jirani anachungulia skrini yako, usifunge ukurasa, mwache naye asome. Hakuna matusi humu, ni baiolojia tu.

Kuna mshikaji nilisoma naye, hakuwahi kuvua fulana mbele za watu hata mechi ikiisha tumelowa jasho chapachapa. Chini ya titi la kushoto ana kichuchu kidogo cha ziada. Mtu mzima mmoja alimwambia hiyo ni alama ya uchawi, mwingine akamshauri akikate kwa wembe. Hiyo ya wembe ndiyo imenifanya niandike.

CHUCHU YA ZIADA INATOKA WAPI?
Mimba ikiwa na kama wiki 6, mtoto huota mistari miwili kwenye ngozi, mmoja kila upande, kuanzia kwapani kushuka hadi kwenye kinena. Inaitwa mistari ya maziwa. Kwa binadamu sehemu kubwa hupotea, zinabaki sehemu mbili tu kifuani. Kipande kingine kisipopotea, mtu anazaliwa na chuchu ya tatu, hata ya nne. Nyingi hutokea chini ya titi la kawaida, na wenye nazo hudhani ni baka la kuzaliwa. Makadirio mengi yanasema ni kati ya mtu 1 na 5 kwa kila watu 100. Kwa hiyo humo cafe ulimo anaweza kuwemo mmoja!

Na wanaume je, chuchu za nini? Jibu ni rahisi: mistari hiyo huanza kabla homoni za kiume hazijaanza kazi. Wote tunaanza na ramani moja.

Halafu vile vipele vidogo kwenye duara jeusi la chuchu si chunusi. Ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Usivikamue.

TUANGALIE WANYAMA
Mbuzi ana chuchu 2, ng'ombe 4. Tembo ana 2, tena kifuani, katikati ya miguu ya mbele. Yule panya shamba anayetumalizia mahindi anaweza kufikisha 24! Mwaka 1986 mtafiti Avery Gilbert alionyesha kwamba kwa panya na jamaa zao, wastani wa watoto kwa uzao mmoja ni kama nusu ya idadi ya chuchu. Yaani maumbile yanaweka akiba.

Ng'ombe naye huzaliwa na chuchu ya ziada mara nyingi tu, wafugaji wanalijua hilo. Sijasikia mtu akisema ng'ombe wake ni mchawi.

Imani hii wala si ya kwetu peke yetu. Uingereza, miaka ya 1600, walioshtakiwa kwa uchawi walivuliwa nguo na kukaguliwa mwili, na kinyama kama chuchu kikionekana kilihesabiwa ushahidi. Watu walinyongwa. Leo mcheza sinema Mark Wahlberg anayo ya tatu na anaongea hadharani bila noma.

SASA UFANYEJE?
Mara nyingi hakuna cha kufanya. Usiikate, usiifunge uzi. Wembe utakuletea kutoka damu, kidonda na maambukizi. Kama inakukera, daktari anaweza kuiondoa kwa upasuaji mdogo.

Dada zangu, nyingine huwa na tezi za maziwa ndani, kwa hiyo inaweza kuvimba au kutoa maziwa ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Hata uvimbe wa kwapani wakati huo unaweza kuwa hivyo. Lakini kokote penye tezi za maziwa, saratani ya matiti inaweza kutokea, ingawa ni nadra. Ukiona uvimbe mgumu, damu, kidonda kisichopona au ngozi kubadilika, nenda hospitali mapema. Hii ni kwa wanaume pia.

Kama una mdogo wako anayo, mweleze haya kabla hajakutana na mwenye wembe. Nawasilisha. Wenye swali au walioambiwa mambo ya ajabu kuhusu hili, mwageni hapo chini kwenye maoni, jina si lazima.