Kisu cha Mfukoni: Kipime Kama Mzigo wa Dhahabu

Oya wana wa Katoro, Kakola na Kahama! Mtu wa Geita hanunui dhahabu kwa macho. Anaichoma, anaitupia mzanini, anabishana pasenti mpaka kieleweke. Ila mchizi huyohuyo akiibuka mnadani, akaona kisu cha kukunja chenye mpini mwekundu na kamsalaba, mkwanja unamtoka fasta. Hata mimi nilishapigwa hivyo. Siku ya tatu nakata kamba ya salfeti, bapa likacheza, ribiti ikachomoka. Kanyaboya!

Orijino ina historia nzito. Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, alianza kuliuzia jeshi visu mwaka 1891, askari afungue kopo na bunduki kwa kifaa kimoja. Mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa. Baadaye kampuni ikabeba jina la mama yake, Victoria, na 1921 likaungwa na "inox", yaani chuma kisichoshika kutu. Ndiyo Victorinox hiyo. Jina lenyewe linakuonyesha pa kuangalia: kwenye chuma.

Sasa pima, mwanangu. Fungua bapa taratibu: likaze mwanzoni, halafu lijirushe lenyewe, tak! Likilegea, springi imechoka. Lishike ncha, litikise kushoto na kulia. Likicheza, kausha, rudisha. Kikunje chote, kiinue juani. Mwanga ukipenya kati ya springi na mabati, kimeungwa kiholela. Kisha soma shingo ya bapa, pale linapoingia mpini. Jina liwe limegongwa safi kwenye chuma, maana kamsalaba yeyote anabandika.

Mtumba usiudharau. Orijino iliyotumika miaka kumi inaipiga bao feki iliyotoka boksini leo. Uchafu sio noma: maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani, kausha vizuri, tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio. Kutu ya juujuu inasuguliwa, ila iliyochimba vishimo iache. Na bapa lililonolewa mpaka likakonda limeshaliwa, usilinunue.

Chagua zana kwa mishe zako. Wa bodaboda atafute bisibisi na kitoboleo, anayeshinda porini achukue chenye kimsumeno. Zana kumi na tano usizozigusa ni uzito wa bure. Na kumbuka, vingi vya aina hii bapa halina loki: ukichoma kwa nguvu linakunjika na kula vidole. Kata, usichome.

Zamani kabla ya makarasha, Warongo wa Uzinza, hukuhuku pande za Geita, walikuwa wanayeyusha chuma na kufua majembe. Sisi tunaokanyaga ardhi ya mafundi wale, chuma cha ovyo kisituingie mfukoni.