Urujuanimno
Urujuanimno ni mnururisho wa sumakuumeme usioonekana kwa macho ya binadamu. Mawimbi yake yana urefu wa nanomita 10 hadi 400, yaani ni mafupi kuliko yale ya nuru ya rangi ya urujuani. Chanzo chake kikuu duniani ni Jua.

Uligunduliwa mwaka 1801 na Johann Wilhelm Ritter, mwanasayansi wa Ujerumani. Aliona kwamba kloridi ya fedha huwa nyeusi upesi zaidi ikiwekwa kando ya urujuani wa spektra, mahali pasipoonekana nuru yoyote.

Tabaka la ozoni huzuia sehemu kubwa ya mnururisho huu. Kiasi kidogo kinachofika kwenye ngozi huusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Kikizidi, huunguza ngozi, hudhuru macho na kinaweza kusababisha kansa. Watu wenye ualbino wako hatarini zaidi, kwa kuwa ngozi yao ina melanini kidogo sana au haina kabisa.

Kuwafundisha watoto jambo lisiloonekana si rahisi, lakini kivuli husaidia. Mtoto asimame juani na kutazama kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, Jua liko juu na urujuanimno ni mkali: ni wakati wa kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu, au kucheza chini ya mti. Joto si kipimo, maana hata siku ya baridi au ya mawingu mepesi ngozi inaweza kuungua.