Ukibakwa, anza hospitali, PF3 itafuata

Wasikilizaji wetu wa Mbagala, Chamazi na Tandale wanatuuliza mara kwa mara: mtu akibakwa, aanzie polisi au hospitali? Wengi wanaamini kwamba bila PF3 hakuna daktari atakayemgusa. Basi usiku unaishia kwenye benchi la kituo, au mtu anakata tamaa na kurudi nyumbani.

Kama polisi ni mbali au unaogopa kwenda, nenda hospitali kwanza. Mwongozo wa Wizara ya Afya unataka uhudumiwe bila kusubiri fomu. Ukikataliwa, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali za rufaa za mkoa ni Mwananyamala, Temeke na Amana. Amana ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja, ili usizunguke ukirudia maelezo yaleyale.

Kinachokimbizwa hapa ni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazoitwa PEP, huanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, baada ya kupimwa, na zikianzwa mapema zaidi ndiyo nafuu. Humezwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Utatibiwa pia magonjwa ya zinaa na majeraha.

Mtu hutamani kuoga, na nani atamlaumu? Lakini ukiweza, usioge wala usifue. Nguo ziweke kwenye bahasha ya kaki au uzifunge kwa khanga kavu, si mfuko wa nailoni, maana unyevu huharibu ushahidi. Umeshaoga? Nenda vilevile. Beba nguo za kubadilisha.

PF3 bado inahitajika kwa ajili ya kesi: polisi huitoa, daktari huijaza. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, uhojiwe faragha, na usiondoke bila namba ya RB.

Kesi nyingi haziharibikii polisi wala hospitali. Zinaharibikia sebuleni. Wazee wanakaa, mjumbe anaitwa, mtuhumiwa ni mjomba au mwenye nyumba, inatajwa pesa, "yaishe". Kubaka ni kesi ya Jamhuri, na hakuna kikao cha familia chenye mamlaka ya kuifuta. Adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kwa mtoto chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Wala usitishwe kwamba hakuna aliyeona. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba ushahidi bora katika makosa haya ni wa aliyetendewa mwenyewe.

Wavulana wasisahauliwe. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikutana na ukatili wa kingono kabla ya miaka 18.

Kwa mtoto, piga 116, bure, saa 24. Njiani kwenye bajaji usimhoji wala kumfokea. Mwambie tu kwamba hana kosa. Kama tukio ni la miezi au miaka iliyopita, ushauri nasaha bado upo na polisi bado wanapokea taarifa. TAWLA na WLAC hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wanawake wasio na uwezo wa kumlipa wakili.