HASARA YA VITA HAIPIMWI KUTOKA ANGANI

Wako wanaodhani kwamba bomu likianguka, hasara yake huonekana mara moja: shimo hapa, ukuta uliobomoka pale, na hesabu imekwisha. Sisi twaona sivyo, na ushahidi wetu twauanza Ngombezi, kwenye reli itokayo Tanga kupita Korogwe.

Mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalipoteremka bonde la Pangani kuwafukuza Wajerumani, yalikuwa na eropleni. Eropleni hizo ziliangusha mabomu na kupeleleza njia. Lakini pori la nchi hii liliwaficha askari na wapagazi, na rubani mara nyingi hakuweza kujua kama bomu lake limempata adui au limeng'oa mti. Korogwe ilitekwa katikati ya Juni. Reli ilikutwa imeharibiwa, wala si kwa mabomu; Wajerumani wenyewe ndio walioing'oa na kuvunja madaraja walipokuwa wakirudi nyuma. Aliyeitazama kutoka juu angaliweza kuwapa sifa wasiostahili.

Miaka 62 baadaye mambo kama hayo yalitokea upande wa pili wa nchi yetu, huko Kagera. Idi Amin alipotuvamia mwishoni mwa Oktoba 1978, ndege zake zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka. Zikashindwa. Lilikuja kuvunjwa mapema Novemba kwa baruti iliyotegwa kwa mikono, kazi ya fundi aliyeletwa kutoka migodi ya Kilembe.

Tena Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji wa Mwanza. Ikaukosa mji, ikapiga kisiwa cha Saanane, ambacho leo ni hifadhi ya taifa, na waliouawa walikuwa swala. Waliocheka hatuwalaumu. Lakini mji uliokoswa na bomu haulali usingizi kama mji usiojua bomu ni nini, na hofu hiyo haiachi shimo la kupigwa picha. Ndege zetu nazo zilijibu kwa kupiga ndani ya Uganda, na hasara ya raia wa huko yastahili kuhesabiwa kwa haki ile ile.

Basi anayetaka kujua vita vile vilituharibia nini asianzie kwenye mashimo. Aanzie kwenye kiwanda cha sukari cha Kagera, kilichovunjwa na kuporwa na askari waliokiingia kwa miguu. Aende kwenye mazizi yaliyobaki bila ng'ombe. Aulize ni nani aliyekosa kuvuna ndizi na kahawa msimu ule, maana wenyewe walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya mto. Kazi hiyo haifanywi kwa darubini. Yataka karani mwenye daftari, balozi anayezijua nyumba zake kumi, na wazee wa kijiji wa kusema shamba lilikuwa la nani.